Mwisho wa Santuri ya Kijivu

Tangu nirudi kutoka China nimeulizwa habari za safari hii mpaka nimechoka kuieleza vipande vipande, jirani huyu nikimpa ya ndege, yule nikimpa ya chakula. Nimeamua niiandike yote, anayetaka asome. Habari za viza na tiketi naziacha. Zilishughulikiwa na Zuhura, mtoto wa marehemu mdogo wangu, anayeuza viatu Kariakoo. Mimi niliweka sahihi tu pale aliponionyesha.

Zuhura aliniomba tuende wote Guangzhou kwa kazi moja. Safari yake iliyotangulia alipakiwa viatu sivyo alivyochagua, akagundua kontena likiwa limeshafika Dar. "Mama Mkubwa," aliniambia, "nataka macho mengine. Nikiwa kwa wakala wa mizigo, wewe unasimama pale wanapofunga katoni. Huondoki." Nikakubali. Lakini nilikuwa na jambo langu pia, na sikumwambia.

Wengi mnajua nilikuwa fundi mitambo redioni. Kila siku saa tisa na nusu alasiri tulikuwa na kipindi cha salamu za wagonjwa, mtangazaji akiwa Kassim, mimi upande wa pili wa kioo. Miaka ya sabini mhandisi mmoja wa Kijerumani alikuja kutufungia mitambo, na alipoondoka akatuachia katoni ya santuri zake mwenyewe, kumi na moja. Ulikuwa muziki ambao hatujapata kuusikia. Haimbi mtu. Wimbo mmoja unakula upande mzima, dakika ishirini. Mashine inarudia noti nane zilezile, na huku unasikiliza zinageuka, unashtuka zimekuwa nyingine na hukuona zilipogeukia. Dramu inakwenda mbele bila kona. Filimbi imepitishwa kwenye utepe ikawa kama watu watatu wanaofuatana. Wenzetu waliuita muziki wa mafriji. Hata Wajerumani waliopita ofisini baadaye, tulipowaonyesha majalada, walitikisa vichwa.

Moja ilikuwa na jalada la kijivu: uwanda wa theluji, katikati mlingoti wa redio. Jina hatukuweza kulisoma, tukaiita Kijivu. Kassim aliichagua ipite chini ya sauti yake anaposoma salamu. "Hii haimwambii mgonjwa alie wala acheke," alisema. "Inakaa naye tu." Tukaipiga miaka na miaka.

Redio ilipohama jengo, maktaba ya santuri ilisafishwa. Mimi nilikuwa likizo. Niliporudi, rafu zilikuwa tupu. Siku hizi nikiwaeleza vijana wa pale habari za Kijivu wanatabasamu kwa adabu. Mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa, kama nina hakika sikuiota. Swali lile lilinikaa kifuani. Kassim alikuwa amestaafu kwao Morogoro, hatujaonana miaka, na mimi mwenyewe nilianza kutojiamini. Zuhura kila siku anasema Guangzhou hakuna kisichopatikana. Nikasema, haya, tutaona.

Dubai, siku nzima sakafuni

Tulifika Dubai asubuhi tukaambiwa upepo wa mchanga umefunga njia. Tukaketi sakafuni mpaka magharibi. Jirani yangu alikuwa mfanyabiashara wa vitenge kutoka Lubumbashi, Mama Bea, mwanamke mpana mwenye kicheko, aliyetandika kitenge chake akanivutia upande mmoja kama tumekua pamoja.

"Ma chérie, ni mara ya kwanza?" aliniuliza. "Basi kamata maneno mawili. Kila mwenye duka, unamwita laoban. Na wakikwambia meiyou, ni kusema hakuna. Usikasirike. Batakwambia meiyou mpaka uchoke, halafu kitu kiko pale nyuma."

Akafungua mkoba akanitolea chupa ndogo ya pilipili ya kusaga. Nikakataa, akaisukumia kwenye mkono wangu. "Utanikumbuka," alisema. Nami nilimkumbuka kila mlo.

Zuhura alikuwa amelala akiegemea begi lake, uso umelegea kama alivyokuwa mdogo. Nilitaka kumweleza habari ya Kijivu palepale. Nikaona nitamharibia usingizi.

Xiaobei

Chumba chetu cha hoteli kilikuwa Xiaobei, mtaa mmoja wa Guangzhou, dirisha likitazama barabara ya juu ambayo magari yalipita usawa wa kitanda changu. Mji mzima ulikuwa unajengwa. Jengo lililokuwa limezungushiwa kiunzi cha mianzi mpaka juu siku tuliyofika, siku tunaondoka lilikuwa na vioo. Asubuhi Zuhura aliingia jengo la Tianxiu kwa wakala wake, nami nikisubiri foleni ya lifti nilisikia Kiswahili cha Unguja mbele yangu na cha Nairobi nyuma, wote wakilalamikia lifti.

Chakula nilipata shida siku mbili. Niliomba chai ya maziwa kwa ishara, nikikamua ng'ombe wa hewani mbele ya dada wa mkahawani, naye akaniletea glavu za mpira. Uji wao wa mchele ni mzuri, lakini ndani niliona yai jeusi, nikalisogeza pembeni kwa heshima. Mwishowe tukapata mkahawa wa Waislamu wa Kichina wa kutoka bara wanaovuta tambi kwa mikono na kuzipika na kondoo. Kwa pilipili ya Mama Bea nilimaliza bakuli.

Hapo mkahawani ndipo Zuhura aliponikutanisha na Upendo, msichana wa Mbeya anayesomea uhandisi wa ujenzi kwa ufadhili, ambaye siku asizo na masomo hutafsiri kwa wafanyabiashara. Zuhura alipoondoka kwenda soko la Zhanxi kuchagua viatu, nikamweleza Upendo siri yangu. Alinisikiliza, kijiko kimesimama.

"Muziki wa Kijerumani, mama? Wa anga za juu?"

"Ndivyo mhandisi alivyouita. Muziki wa anga. Wa mashine."

"Kesho sina darasa," alisema. "Twende."

Dishi

Kichina cha Upendo kilikuwa cha zege na nondo; cha muziki kilikuwa hakijamfikia bado. Alimuuliza huyu na yule njiani, tukabadili mabasi mawili, tukafika kwenye soko kubwa la vifaa vya umeme. Muuzaji mmoja akatupokea kwa furaha, akatupandisha ngazi, akafungua mlango, na mbele yetu yakasimama madishi ya setilaiti, makubwa kama paa la kibanda. Akalipiga moja kofi kwa fahari akasema maneno mengi.

"Anasema hili lina kifaa cha Kijerumani," Upendo alitafsiri, sauti ikishuka. "Linapata sauti kutoka angani, chaneli mia tatu." Kisha akaziba uso. "Mama, nisamehe. Nadhani nimemwambia unataka kusikia anga."

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye boksi. Muuzaji naye akacheka bila kujua anachocheka. Basi nikachora duara hewani, nikaweka sindano juu yake kwa kidole, na kwa mdomo nikapiga zile noti nane za mashine, ta-ti-ta-ta, nikairuhusu filimbi iingie. Watu wa maduka ya jirani wakachungulia. Muuzaji akamvuta Upendo dirishani akamwonyesha jengo la uani.

"Anasema kuna mtu pale anauza diski zilizokatwa. Anapiga muziki wa namna hiyo mpaka majirani wanamgombeza. Lakini leo amefunga. Kesho asubuhi."

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kufunga katoni. Zingeanza kufungwa saa nane mchana. Nikahesabu saa kichwani, nikajiambia zinatosha.

Kwa Bwana Liang

Chumba cha huyo muuza diski kilikuwa ghorofa ya tatu, kimejaa magunia. Tulimngoja mlangoni mpaka saa sita ndipo akafungua. Yeye ni mwembamba, wa makamo, miwani imefungwa waya. Upendo alinieleza kazi yake akitafsiri kipande kwa kipande. Diski za CD, hata za santuri za zamani zilizotolewa upya, zisizouzika Ulaya na Marekani huletwa kule kama taka za plastiki ziyeyushwe. Kabla ya kusafirishwa hupitishwa msumeno pembeni ili zisiuzwe tena. Bwana Liang alikuwa mfanyakazi kwenye yadi ya kuchambua taka hizo. Siku moja alipeleka nyumbani diski moja iliyokatwa, akakuta inacheza, isipokuwa mwishoni. Diski husomwa kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa hiyo msumeno hula wimbo wa mwisho. Tangu hapo akawa anaziokoa.

"Laoban," nilimwambia, nikaona aibu ya kuomba, nikaimba tu.

"Meiyou," alijibu kwanza. Kisha akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaingia katikati ya magunia akapotea muda mrefu, akarudi na diski tatu. Ya kwanza siyo. Ya pili, kabla hajaichomeka, niliona kijikaratasi cha kijivu na mlingoti uliosimama kwenye theluji.

Upendo alinishika mkono.

Muziki ukaanza. Ilikuwa yenyewe. Niliiona studio yote: kioo chenye ufa, kikombe cha Kassim, mafungu ya kadi za salamu. Hapa lazima nieleze jambo la ufundi. Dakika ya nane, filimbi inapoingia, kuna mahali wale vijana wa Kijerumani waliunganisha utepe, na kiungo hakikukaa sawa. Kuna mlio mdogo, tik, ambao mtu wa kawaida hausikii. Muziki ulipokaribia pale nikainua kidole, nikangoja, nikakishusha. Tik.

Bwana Liang akasimamisha diski. Akaniangalia kama mtu aliyekutana na ndugu kituoni. Akaongea haraka mpaka Upendo akamwomba apunguze.

"Anasema alidhani ni yeye peke yake duniani anayeijua hiyo tik."

Tukaendelea. Akatupa karanga za kuchemsha na chai isiyo na sukari, tukasikiliza. Mpaka pale mashine zote zinapokuwa zimepanda pamoja, na moyo wangu nao umepanda, diski ikaanza kugugumia, ka-ka-ka-ka, ikanyamaza. Msumeno.

"Amepata nne za namna hii," Upendo alitafsiri. "Zilikatwa kwa fungu moja, zote zinaishia hapohapo. Miaka yote hii hajui inaishaje. Anakuuliza, mama, wewe unajua?"

Nikajivuna, nakiri. Mimi niliyeambiwa nimeota! "Najua," nilisema. "Nimeimaliza kila siku."

Akatoa kifaa kidogo cha kurekodia akakiweka mezani. Nikafumba macho nikaimba mwisho: mashine zinapungua, zinapungua, kila moja ikienda mbali, mkono wangu ukishuka taratibu pamoja nazo, mpaka hakuna. Nilipofumbua macho, Bwana Liang alikuwa amevua miwani. Akasema ataunganisha sauti yangu na ile diski, anitengenezee nakala nzima.

Nikatazama saa. Saa tisa kasorobo.

Godauni

Foleni ya magari ilitushika karibu na stesheni ya Liuhua, tukashuka tukakimbia kati ya mikokoteni. Niliingia godauni saa kumi na nusu. Katoni zilikuwa zimeshafungwa, zimepangwa mpaka dari. Zuhura alikuwa amesimama mbele ya rundo na kisu mkononi, katoni moja imepasuliwa miguuni. Ndani ya boksi la kiatu kulikuwa na miguu miwili ya kulia.

"Nilikuleta kwa kazi moja," alisema.

"Zuhura, mwanangu, nilikuwa..."

"Nimepiga simu kwa dada wa hoteli. Amesema umetoka asubuhi na Upendo, mnacheka." Hakupaza sauti. Ningefurahi angepaza.

Tulifungua katoni zote. Siku mbili, asubuhi mpaka jioni, Zuhura, mimi na wafanyakazi wawili wa pale, tukilinganisha kiatu kwa kiatu, tukifunga upya kwa selotepu. Ile yenye viatu vya kulia vitupu ilikuwa katoni moja tu, lakini hatukuweza kujua bila kuzifungua zote. Vidole vyangu vilipasuka. Zuhura aliongea nami maneno ya kazi tu: lete, shika, namba ngapi. Kumweleza kwamba nilikuwa nasikiliza muziki sikuweza. Nilijiona mtu mzima hovyo.

Siku ya pili alasiri Upendo akaja na bahasha kutoka kwa Bwana Liang. Kabla sijamkonyeza, alikuwa ameshaiomba redio ya wafanyakazi iliyokuwa dirishani, akaichomeka diski. "Mama, isikilize, ameunganisha vizuri!"

Noti nane zikajaa godauni. Sikuthubutu kuinua macho. Nikasikia selotepu ya Zuhura imeacha kulia.

"Hii," alisema. "Hii naijua."

Akakaa juu ya katoni. Alikuwa na miaka saba mama yake alipolazwa, na alilazwa muda mrefu, hakurudi. Nilikuwa nimesahau kwamba mtoto huyu alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakituma kadi.

"Bibi alikuwa ananiweka karibu na redio," Zuhura alisema. "Huu muziki ukianza nakaa kimya, ili jina langu likisomwa nilisikie. Nilidhani mama naye anasikiliza saa hiyohiyo. Alikuwa anasikia, Mama Mkubwa? Wodini kulikuwa na redio?"

"Ilikuwepo. Juu ya meza ya muuguzi. Mimi mwenyewe nilimpelekea betri."

Akalia, nami nikamweleza yote, tangu jalada mpaka Bwana Liang. Hakusema nimesamehewa. Alisema, "Ungeniambia tu. Ningekupa siku." Kisha akanikabidhi upande mmoja wa katoni, tukaiinua pamoja.

Morogoro

Nilipofika Dar nilipumzika siku tatu, nikapanda basi kwenda kwa Kassim. Nilimkuta anafunga matawi ya pesheni kwenye waya, amekonda, sauti ileile. "Bi Tunu!" alisema, na jirani yake akageuka kama tangazo limetoka.

Alinipikia mwenyewe ndizi kwa utumbo, maana mkewe alikuwa kwa mtoto. Baada ya kula nikatoa diski. Alipoiona picha ya mlingoti alikaa kitako palepale mlangoni. Tulisikiliza yote. Kwenye tik tulitazamana. Sauti yangu ilipoingia mwishoni, ikipungua, ikipungua, nilingoja anisifu.

Kassim akatikisa kichwa. "Haiishi hivyo."

"Inaisha hivyo, Kassim. Nimeipiga mara ngapi?"

"Wewe ndiye uliyekuwa unaipunguza. Saa kumi kamili ilikuwa lazima milio ya saa ipigwe, taarifa ya habari ianze. Kila siku, ikibaki kama dakika moja, unashusha sauti, unatoka kufuata chai. Santuri ilikuwa inaendelea kuzunguka. Mimi nilibaki na hedifoni masikioni."

Niliuona mkono wangu, ukishuka taratibu. Miaka yote ile, wagonjwa wote wale, na mdogo wangu kitandani. Hawakusikia mwisho hata siku moja, na aliyewakatia ni mimi. Na sasa kulikuwa na mtu Guangzhou amefurahi kwa kupewa kitu kisichokuwepo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Taarifa ya habari isubiri?" Akacheka kidogo. "Na pia nilipenda kuwa nao peke yangu."

"Basi unaishaje?"

"Mashine zinazimwa moja moja. Unasikia kabisa swichi. Kinabaki kinanda peke yake, kimeshika noti moja. Nacho kinazimwa. Halafu kiti kinalia, na mtu mmoja anasema neno. Neno moja tu katika santuri nzima."

"Neno gani?"

"Zo," alisema Kassim. "Kijerumani hicho, ni kusema hivyo, basi. Kama mtu aliyemaliza kufua akakung'uta mikono. Zo."

Jumamosi iliyofuata Upendo alikubali kwenda kwa Bwana Liang. Sisi Morogoro ilikuwa asubuhi, kwao mchana. Nilinunua vocha za kutosha, nikapiga, nikamwomba Upendo amweleze kwanza kosa langu, bila kunitetea. Nilisikia Kichina tu, bila tafsiri. Niliogopa kwamba amekasirika. Nikasema, "Mwambie mtu anayeujua mwisho wenyewe yuko hapa na mimi. Ni mtangazaji."

Nikampa Kassim simu. Aliishika kwa mikono miwili, akanyoosha mgongo, akasafisha koo. Akafungua mdomo, kisha akaufunga, akasikiliza.

"Anasemaje?" nilinong'ona.

Kassim akaziba simu kwa kiganja. "Binti anasema nisianze bado. Mwenyewe anatafuta betri za kurekodia."